Sifa za Boksi la Programu

Kuna wanaomsifia bibi harusi, na kuna wanaomsifia mheshimiwa hata kabla hajafika ukumbini. Mimi leo nalisifu boksi la programu ya kompyuta, lile lililobanwa kwa plastiki inayong'aa, ambalo wateja wamelitukana miaka nenda rudi kwamba halijielezi. Wanalionea. Wanadai wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia gani lenye picha ya mbuzi aliyenona?

Sifa yake ya kwanza ni kwamba halisemi uongo. Ukweli wote linao, ila limeupanga kwa adabu: ahadi mbele kwa herufi kubwa, masharti nyuma kwa herufi ndogo, na yale yanayouma ndani kabisa, mahali ambapo mtu hafiki bila kulipa. Windows 95 ilipoingia sokoni Agosti 1995, iliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 4, ingawa ilipendekeza 8. Na kweli, mwenye 4 kompyuta yake iliwaka. Kuwaka ni jambo moja, kufanya kazi ni jambo jingine, na boksi halikuulizwa hilo la pili.

Sifa ya pili ni usawa: boksi na ndugu yake stika hawajui mkubwa wala mdogo. Mwaka 2006, kabla Windows Vista haijafika madukani, kompyuta mpya zilibandikwa stika ya kuthibitisha kwamba zinaiweza Vista. Nyingi ziliweza toleo la chini tu, lisilo na yale madirisha mithili ya kioo yaliyopambwa kwenye matangazo. Wateja walifungua kesi Seattle mwaka 2007, na barua pepe za ndani ya Microsoft zikaanikwa mahakamani. Kumbe hata Mike Nash, mmoja wa makamu wa rais wa kampuni hiyohiyo, alinunua kompyuta ya mkononi kwa dola 2,100, akaishia kulalamika kwamba inamfaa kwa barua pepe tu. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe haoni mlango, mgeni analalamikia nini?

Sifa ya tatu ni elimu. Boksi limewafundisha watu sheria bila ada ya chuo. Mwaka 1996, katika kesi ya kampuni ya ProCD, Jaji Frank Easterbrook wa mahakama ya rufani ya Chicago aliamua kwamba masharti yaliyo ndani ya boksi yanamfunga mnunuzi, maadamu nje amedokezwa kuwa yapo na ana nafasi ya kurudisha bidhaa akiyakataa. Uamuzi mzuri. Tatizo, ukirudi dukani unaambiwa boksi lililofunguliwa halipokelewi. Kwa hiyo huwezi kusoma bila kufungua, na ukishafungua huwezi kurudisha. Mwaka 2003 huko California kuna mteja aliyezishtaki Microsoft, Symantec na duka la CompUSA kwa fumbo hilohilo. Mwanafalsafa gani amewahi kuwasumbua wanunuzi akili kiasi hicho?

Sifa ya nne ni wepesi. Ulipofungua boksi la Office 2013 huko Marekani, ndani ulikuta kadi yenye namba ya siri, diski hakuna. Leseni nayo iliolewa na kompyuta moja: kompyuta ikifa, na leseni inazikwa nayo. Sharti hilo Microsoft ililegeza Machi 2013, baada ya wateja kupiga kelele.

Kwetu huku boksi limebaki hai kwenye kabati za vioo za maduka ya kompyuta, hasa likiwa na programu ya kuzuia virusi. Nje limeandikwa: mtumiaji 1, mwaka 1. Ndani kuna kadi ya kukwangua. Uliza mwaka unaanza leo au siku ya kuwasha, muuzaji atakujibu, "Mwaka ni mwaka tu, bosi." Uliza kama inafaa na kwenye simu: "Inafaa, haina shida." Lipa, nenda nyumbani, nunua bando la kuipakulia programu yenyewe, ndipo utakapoona kwamba ni ya Windows peke yake. Rudi dukani ukasome risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Hayo ndiyo maandishi pekee katika biashara nzima yasiyohitaji ufafanuzi.

Wakosoaji wanataka boksi liseme wazi: programu hii itaiziba pumzi kompyuta yako ya zamani, mwakani itadai pesa tena, na nusu ya vitufe vyake hutavigusa. Hawaoni hatari yake? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Boksi limekaa kabatini kimya, halijatembea hatua moja, na limeuzika. Tuliache hivyo hivyo. Siku litakapoanza kujieleza, itabidi programu iliyomo iwe nzuri.