Gari Haipigiwi Hodi

Jumamosi iliyopita, saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya daraja la Ruvu kwenye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, trafiki alifungua mlango wa nyuma wa Hiace yetu akamkuta mama mkwe wangu amekaa juu ya ndoo.

Nimejaribu kuliandika kwa adabu zaidi ya hapo nikashindwa. Ndoo yenyewe ni ya rangi, lita 20, na ubavuni bado inasomeka "nyeupe ya maziwa". Nyuma yetu ilikuwa imesimamishwa Coaster ya abiria, imejaa pomoni. Waliokaa viti vya mbele waliona. Waliokaa nyuma walisimama ili nao waone.

Trafiki alikuwa kijana wa watu, kafunzwa kwao. Mkono ungali kwenye kitasa, akasema alichofundishwa kusema mbele ya mtu mzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu bila kutikisika. "Mbona hujapiga hodi?"

"Bibi, gari haipigiwi hodi."

"Haya. Funga mlango."

Hapo ndipo tulipojua kwamba mlango haufungiki.

Mlango wa nyuma wa Hiace si mlango kama mlango wa nyumba. Bawaba zake ziko juu, kwa hiyo unapanda kama pazia la jukwaani. Pembeni kuna mirija miwili ya chuma, na ndani ya kila mrija kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa pamoja na fimbo. Ukiubana mlango chini, fimbo inazama na kuisonga ile gesi. Ukigusa kitasa, gesi inadai nafasi yake, inaisukuma fimbo nje, na mlango unajiinukia wenyewe, taratibu, kama mgeni rasmi anayesimama kuhutubia. Humo ndani mna pia mafuta kidogo ambayo kazi yake ni kuutuliza mlango ukikaribia mwisho, usigonge. Haya nimeyasoma usiku wa juzi badala ya kulala, na nakiri ni ufundi mzuri. Gesi ikivuja, mlango haupandi tena, au ukipanda haugandi juu, ndiyo maana Hiace nyingi hapa mjini hutembea na kipande cha mti cha kuuegemeza. Hata hii yetu, ambayo si yetu bali ya rafiki wa Baba Watoto, hupeleka watoto shule kila asubuhi na mti wake. Angalau ilikuwa hivyo hadi wiki mbili kabla ya safari, Baba Watoto aliponunua mirija mipya kama shukrani ya kuazimwa gari.

Angeacha ile mibovu, askari angekuta mlango mzito, angehitaji mtu wa kumsaidia na mti wa kuegemeza, na mama angepata dakika nzima ya kujistiri. Lakini mirija ilikuwa mipya. Na pazia la kuisitiri ndoo, ambalo lilikuwa khanga yangu, fundi wetu alikuwa amelifunga ncha moja dirishani na ncha ya pili kwenye kishikio cha ndani cha mlango uleule. Mlango ulipopanda, khanga nayo ikapanda, ikapepea juu ya kichwa cha mama kama bendera mbele ya Coaster nzima. Jina lake lilisomeka vizuri: Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mkanda wa kuvutia mlango watoto wa shule walishaukata zamani. Askari aliruka mara moja asiufikie. Baba Watoto alishuka kwenye usukani akazunguka akikimbia. Zilipita kama sekunde kumi na tano, nami nimekuwa nikizihesabu upya kila nikifumba macho. Mlango ulipofungwa, kijana alisimama dirishani na karatasi zake. Faini ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa, na nilimwona kabisa akilitafuta kosa. Akafungua mdomo kuuliza kama bibi alikuwa amefunga mkanda, akaufumba. "Nendeni salama," akasema.

Chanzo cha yote haya ni wifi yangu aliyeko Lyon. Yeye na mumewe wana gari-nyumba, lile Wafaransa wanaloliita camping-car, na kila kiangazi hupita nalo mashambani wakiturushia video kwenye kundi la familia. Kule miji midogo mingi imetenga maegesho ya magari hayo, penye bomba la maji safi na shimo la kumwagia machafu. Kuna hata mtandao uitwao France Passion, ulioanza 1993, ambamo wakulima wa zabibu, watengeneza jibini na wafugaji wa nyuki hukuruhusu kulala kwenye eneo lao usiku mmoja bila kulipia maegesho. Sharti gari lako lijitegemee: liwe na maji yake na choo chake.

Baba Watoto aliposikia habari ya choo alisimamisha video. Akairudisha nyuma. Akaitazama tena.

Kusema kweli choo kile ni kitu cha kukitazama. Chini ya kiti kuna tangi wanaloliita kaseti, la lita 20 hivi. Kati ya kiti na tangi kuna kifuniko bapa kinachoteleza: unavuta mpini kinafunguka, ukimaliza unasukuma kinajifunga, na harufu inabaki kule ilikozaliwa. Ndani unatia dawa ya maji. Kaseti ikijaa, huitoi ukipita sebuleni mbele ya wageni. Unatoka nje, unafungua kidirisha ubavuni mwa gari, unaichomoa, na ina vijigurudumu na mpini kama begi la uwanja wa ndege. Wifi katurushia video ya mumewe akiliburuta begi hilo asubuhi, kavaa kofia, akiwasalimu majirani njiani, nao wana mabegi yao. Wanakutana shimoni kama watu wanaokutana gengeni.

Nauli ya watu saba kwenda Ufaransa tuliipigia hesabu jioni moja tukaiacha ipumzike. Tukakubaliana tufanye ya kwetu: Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Mkwaja, Pangani, hadi Tanga, bahari mkono wa kulia njia nzima. Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu huja kutoka huko huko Ulaya kuona tembo karibu na ufukwe, sisi tulio pua na mdomo nayo tunaiona kwenye kalenda. Viti vya nyuma vikang'olewa. Magodoro yakaingia. Kaseti yetu ikawa ndoo ya rangi, kiti chake kikakatwa kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, na badala ya dawa tukachukua gunia la pumba za mbao kwa mafundi wa milango. Unafukia kila ukimaliza. Pumba zinanyonya maji na harufu inatulia. Inafanya kazi, msicheke. Mama ndiye aliyecheka, wiki mbili mfululizo, akaapa kwamba heri apasuke kuliko kukalia ndoo ya rangi mbele ya wajukuu. Hatukuwa tumemaliza hata kilomita 20.

Mimi nilipewa mipango midogo midogo. Maana yake kila kitu ambacho hakina injini.

Nilianza na maji, na maji yakanirudisha kwenye historia ya mji wetu, maana kama kuna mahali duniani wanapojua kufungasha, ni hapa. Misafara mingi ya bara ilipakiwa hapa. Mzigo wa pagazi ulikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, na mabwana wakubwa walikesha na mizani. Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alikuwa amekaa mji huu mwezi na zaidi akihangaika na mapagazi, baada ya kuumizwa kichwa kule Unguja na hesabu ileile iliyoniumiza mimi: watu wangapi, siku ngapi, wale nini. Aliambiwa doti kumi za nguo kwa siku zinalisha watu mia moja njiani. Shanga nazo zilimkosesha usingizi, kwa sababu huku wanataka nyekundu, kule nyeusi, na ukikosea rangi hupati hata mtama. Nilipofika hapo nilimhurumia. Mimi nina mtoto asiyekula maharage, mmoja asiyekula samaki mwenye macho, na mama mkwe anayetaka chai ya kwake, tangawizi ya kwake, birika la kwake. Madumu sita ya lita 20 ni kilo 120, yaani mapagazi wanne wa maji peke yake. Mchele kilo 15, unga, mafuta, nazi ishirini (Baba Watoto: "Nazi za nini, Tanga hakuna nazi?" Ziliisha siku ya pili), mtungi wa gesi, vyandarua, dawa za mama, mto wa mama, mkeka wa mama. Ufaransa leseni ya kawaida ukomo wake uliozoeleka ni gari la kilo 3,500, ndiyo maana watu hupeleka nyumba zao kwenye mizani kabla ya likizo. Hiace yetu ilipimwa kwa jicho. Baba Watoto aliitazama jinsi ilivyokalia matairi akasema iko vizuri.

Yeye alipanga spika. Alipanga pia picha ya kutangaza kwenye kundi: "Likizo ya familia imeanza!" Mimi kwenye picha hiyo ni mkono unaopitisha sufuria.

Nikarudi kuzitazama zile video za wifi. Zipo kumi na moja. Kwenye nane kati ya hizo, nyuma ya mandhari, nyuma ya alizeti na mito na makasri, wifi yuko kwenye sinki. Sinki ndogo kama kibakuli. Anageuka, anatabasamu, anapunga mkono wenye povu. Mwenye kamera anasema, tazameni uhuru huu. Kwa miezi nilikuwa natazama alizeti. Hata kwenye misafara ya zamani wanawake walikuwamo, wake za mapagazi, na vyungu na chakula vichwani, na jioni wengine wakitua mizigo ndipo wao walipoanza kazi. Mzigo wa bwana ulipimwa kwa frasila na kuandikwa daftarini. Chungu hakikuandikwa. Nilimwambia Baba Watoto kwamba nyumba ikiwekewa magurudumu, jiko nalo huja. Akasema ndiyo raha yake hiyo, mke wangu, huna haja ya kuliacha. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshika kisu, nakata vitunguu vya siku tatu, na gari lilikuwa bado halijawashwa.

Baada ya Ruvu mama alitoa amri mbili. Ya kwanza, haturudi nyuma, kwa sababu yule kijana bado yuko pale. Ya pili, hatuingii njia ya Saadani, maana ile Coaster inaweza kuwa inakwenda huko. Njia ya Saadani ikapita dirishani nikaiona inavyokwenda. Tembo nao wakapita. Karibu na Msata pilau ilimwagika godoroni. Chalinze spika iliungua.

Tukaishia Ubena, kwa mdogo wake mama, tukaegesha chini ya mwembe. Nilimwandikia wifi tumefika Ubena salama, naye akatupongeza kwa kuvuka Iringa yote kwa siku moja. Yeye Ubena anayoijua ni ile ya Njombe. Sikumsahihisha. Acha angalau Lyon tuwe tumefika mbali.

Usiku watoto walilala ndani kwa bibi yao mdogo, Baba Watoto sebuleni, na mimi nikabaki na Hiace peke yangu, milango imefungwa. Hakuna aliyeniita kwa saa tatu nzima. Nilijinyoosha godoroni, lenye harufu ya bizari, nikasikiliza malori ya barabara ya Morogoro yakipita mbali, nikaanza kuelewa kidogo wanachokiona Wafaransa.

Kama saa tisa nikasikia kandambili zinaburuzwa uwanjani, zikasimama kando ya gari. Choo cha pale kiko nyuma ya banda la mbuzi, na taa haina. Kimya kikapita. Kisha bati likagongwa mara mbili, polepole, kwa kucha.

"Hodi."

"Karibu, mama."

"Ile ndoo bado unayo?"