Vitz Yetu Inasubiri Giza

Binti yetu anayesoma chuo Malimbe alitangaza habari ile mezani, sato akiwa bado wa moto: gari letu huenda lina bomu.

Alikuwa amesoma habari za Takata, kampuni ya Japani iliyouza mifuko ya hewa kwa watengenezaji wengi wa magari kabla ya kufilisika mwaka 2017. Unga unaoufumua mfuko huharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Siku ya ajali, kikopo cha chuma kinachoubeba hupasuka na kumrushia abiria vipande usoni. Watu wamekufa hivyo Marekani na Malaysia. Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 yakarekebishwe bure, Vitz zikiwamo. Ila gari likishapanda meli kuja Dar es Salaam, barua ya wito haijui njia ya kwetu Igoma.

"Mbona taa ya eabegi haiwaki?" akauliza baba watoto.

Taa ile hutambua hitilafu ya umeme. Unga ukichakaa haina habari. Halafu yetu isingewaka kwa lolote, maana fundi mmoja alishaichomoa balbu, akatutoza hela ya matengenezo.

Ili kujua kama letu limo kwenye wito, ikatakiwa namba ya chesisi. Kadi ya gari haikuwepo kabatini: shemeji yangu aliiweka dhamana akakopea injini ya mtumbwi wake wa dagaa. Tukafungua boneti, tukasugua kibati kwa mafuta ya taa mpaka namba ikasomeka. Tovuti ya Wamarekani ikaikataa. Wao wanataka tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba fupi, yetu SCP10 na tarakimu 7 mbele yake. Baba watoto akaijazia sifuri zifike 17, ikakataa tena, akailaumu intaneti. Ukurasa wa Toyota ya Japani ndio ulioipokea. Simu ikatafsiri: mfuko wa abiria wa mbele, wito upo, kazi haijafanyika.

Abiria wa mbele ni mama mkwe. Hajawahi kukaa nyuma ya mtu tangu gari linunuliwe. Alipotoka Magu kwenda kliniki Bugando, mwanawe akamfungulia mlango wa nyuma kwa adabu zote.

"Nibanane na watoto kama mzigo?"

"Mama, ni usalama wako."

"Usalama wangu ni Mungu na mkanda." Akashuka barabarani, akasimamisha Hiace, akapanda mbele karibu na dereva. Hiace ile namba yake hakuna aliyeiangalia, na sikuthubutu kulisema.

Wakala wa Toyota wa Dar es Salaam tuliyempigia alikuwa muungwana: tutume picha ya kadi, ataulizia kifaa. Kadi iko kwa mkopeshaji. Mkopeshaji anataka hela, hela iko ziwani, na dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, wavuvi hupumzika.

Nikampigia shemeji.

"Mwezi bado mkubwa, shemeji, vumilieni," akasema. Kisha akaomba gari kesho, ana taa za sola za kupeleka Kirumba.

Nikamwambia achukue, na taa aziweke kiti cha mbele.