Wati 3,000 na Honi Moja

Jumamosi, kwenye kona ya kuingilia ukumbini, kina mama walishajipanga, vigelegele viko kooni. Gari langu, IST, ndilo lililotangulia na muziki. Niliomba mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Sabufa zikanguruma mara tatu, taa nyekundu ikawaka kwenye amplifaya, kimya. Ikafuata harufu ya waya unaoungua. Shangazi wa mke wangu akainamia dirishani: “Baba Nasra, redio yako imepaliwa?” Halafu akaamuru nipige honi. Nikapiga honi mpaka mlangoni, pii-pii, bibi harusi akijaribu kuichezea.

Kosa lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe imeninyima usingizi kwa utamu wake. Kila spika ina omu zake, yaani ubishi wake dhidi ya umeme. Ungedhani sabufa mbili za omu 4 zikiungana, ubishi unaongezeka. Wapi! Ukizifunga sambamba, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, umefungua milango miwili badala ya mmoja. Umeme unapita kwa urahisi maradufu, na ubishi unashuka hadi omu 2. Ukizipanga foleni, moja nyuma ya nyingine, unapata omu 8. Sabufa zilezile! Sasa fundi wangu alizifunga sambamba, kisha akaibriji amplifaya, yaani akaziunganisha chaneli mbili zisukume mzigo mmoja. Hapo kila chaneli huona nusu tu ya omu zilizopo. Chaneli iliyoumbwa kuvumilia omu 2 ikajikuta na omu 1, umeme ukichuruzika kama maji ya bomba lililopasuka. Onyo lilikuwepo, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi: ikibrijiwa, isipungue omu 4. Liliandikwa tumboni mwa amplifaya, nasi tulishaifunga skrubu kwenye zulia la buti.

Na zile wati 3,000 zilizong'ara kwenye boksi? Nilichomoa fyuzi: ampea 30. Injini ikiunguruma, umeme wa gari ni kama volti 14. Zidisha mwenyewe: wati 420 ndizo zinazoingia, na amplifaya ya aina ile hugeuza karibu nusu kuwa joto. Zinabaki mia mbili na kitu. Zilizosalia nilinunua wino. Hapa sicheki tena. Muuza mchele akipima kilo moja akaandika kumi na nne, mtaa mzima utamfuata. Muuza wati anakuongezea stika ya bure ya kubandika kwenye kioo.

Nilirudi Kariakoo, nilikoinunua. Kijana wa duka akanijibu kwa upole wa muuguzi:

“Mzee, zinafika, ila mara mojamoja.”

“Mara mojamoja lini?”

“Inategemea na wimbo.”

Fundi wa pili alirudisha muziki, ila aligeuza waya wa sabufa moja, ikawa hii inasukuma na ile inavuta, besi ikafutika. Nilishinda siku nzima nikisifu usafi wa sauti.

Jana betri iliisha, Ubungo, saa mbili usiku.

Leo asubuhi shangazi ametuma ujumbe. Kuna harusi nyingine mwisho wa mwezi, naombwa nitangulie tena: “Honi yako ilipendeza sana.”