Jinsi ya Kula Panya wa Mekong Bila Kuuaibisha Ukoo

Umeshakula supu ya tambi. Umeshapiga picha mkate uliojazwa nyama na majani, umeshakunywa kahawa ya barafu yenye maziwa mazito, ukawatumia watu wa nyumbani, na hakuna aliyeshtuka. Shangazi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo amejibu kwa dole gumba tu. Hapo msafiri hutambua kwamba safari yake haina chumvi, na kwamba imebaki dawa moja: panya.

Usicheke. Katika delta ya mto Mekong, kusini mwa Vietnam, panya wa mashambani ni kitoweo halisi. Sokoni anapimwa kwa kilo kama sisi tunavyopima maini, na mgeni anayeandaliwa panya amepewa heshima, hajatukanwa. Hatua saba zifuatazo zitakuvusha salama, ukizifuata kwa mpangilio na ukiacha uoga wako hotelini.

Hatua ya 1: Mjue panya unayemla

Mgeni hudhani panya ni panya. Mwambie hivyo mkulima wa Đồng Tháp, mkoa wa humo deltani, naye atakutazama kama wewe unavyomtazama mtu anayesema perege na papa ni kitu kimoja kwa kuwa wote wanaogelea. Anayeliwa ni chuột đồng, yaani panya wa konde. Kazaliwa kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, kalelewa kwa mpunga, na akitaka kubadilisha mboga hujipatia konokono na kaa wadogo wa majarubani. Binamu yake mkubwa, chuột cống nhum, ana mwili wa kushiba. Delta hii hutoa takriban nusu ya mpunga wote wa Vietnam, kwa hiyo mlo wa panya huyu unaushinda ule wa wanafunzi wengi wa bweni.

Panya wa mjini ni habari nyingine, na ana historia yake. Wafaransa walipotawala walijenga Hanoi mifereji ya kisasa ya maji machafu, panya wakahamia humo bila kulipa kodi. Mwaka 1902 serikali ikatangaza malipo kwa kila mkia wa panya utakaoletwa. Mikia ikaletwa kwa maelfu, lakini panya hawakupungua. Baadaye wakaanza kuonekana mitaani panya wasio na mikia: walikuwa wameachiwa waende wakazae mikia mingine. Wapo hata watu waliokutwa wamewafuga kama kuku. Basi mwenye mgahawa akikuapia kwamba panya wake katoka shambani, mwamini, ila angalia kwanza kama ana mkia.

Hatua ya 2: Subiri mafuriko

Sisi hukimbia mafuriko, wao huyasubiri. Kati ya mwezi wa 8 na wa 11 maji ya Mekong hupanda yakitokea upande wa Kambodia na kufunika mashamba, na msimu huo wameupa jina zuri, mùa nước nổi, msimu wa maji yaeleayo. Mashimo yakijaa, panya hukimbilia matuta ya juu na vichakani, na huko huwakuta watu wameshatangulia na mitego. Wakati mwingine mzuri ni mwishoni mwa mavuno, watu na mbwa wao wanapozingira kipande cha mwisho cha mpunga ambacho hakijakatwa. Wahenga wetu walisema panya wengi hawachimbi shimo. Huku hata wakichimba hawafiki mbali, kwa sababu mbwa mmoja mwenye pua na kijana mmoja mwenye jembe huvunja kikao chote.

Usiwahurumie upesi. Mkulima analima, panya anavuna. Kumla ni kurudishiwa mpunga wako kwa njia ndefu. Na jambo hili halikuishia shambani. Mwaka 1998 serikali ya Vietnam ilipiga marufuku kuuza na kula paka, kwa hofu kwamba paka wakiishia kwenye sahani, panya wataumaliza mpunga. Sisi tunasema paka akiondoka panya hutawala na kuuacha msemo hapo hapo barazani. Wenzetu waliufanyia waraka wa serikali.

Hatua ya 3: Tamka vizuri, au ule ndizi

Kabla ya kuagiza, ita. Kivietnam, kama Kiswahili cha watu waliolelewa, hakimrukii mtu kwa "wewe". Mhudumu aliye mdogo kwako ni em, mdogo wangu. Mwanamke aliyekuzidi kidogo ni chị, dada. Mwanamume wa rika la baba mdogo ni chú, na maana yake hasa ni baba mdogo. Malizia kwa ơi: "Em ơi!" Utajiona uko Tandika.

Shida inaanza na neno linalofuata, kwa sababu lugha ile inategemea toni. Chuột, panya, hutamkwa kwa sauti nzito inayokatwa ghafla, kama mtu aliyedhani ngazi zimekwisha kumbe bado moja. Chuối, kwa sauti inayopanda, ni ndizi. Chuột nướng ni panya wa kuchoma, chuối nướng ni ndizi za kuchoma, na vyote viwili vinauzwa. Mimi niliagiza kwa ushujaa mkubwa, nikafumba macho, nikaomba dua fupi, nikaletewa ndizi zilizomwagiwa tui la nazi. Sijawahi kula ndizi kwa shukrani kiasi kile. Kesho yake nilirudi na picha ya panya kwenye simu. Mama mwenye mgahawa aliitazama picha, akanitazama mimi, akaenda kuwaita majirani waje kushuhudia.

Hatua ya 4: Chagua mapishi, usiache mapishi yakuchague

Cao Lãnh, mji wa Đồng Tháp, unasifika kwa panya wa mtungini, chuột quay lu. Lu ni kasiki la udongo, la aina ambayo watu wa delta hukingia maji ya mvua. Panya aliyekwishasafishwa hulazwa kwenye vitunguu saumu na viungo, kisha huning'inizwa kwa ndoano ndani ya kasiki, makaa yakiwa chini na mfuniko juu. Anatoka mwekundu, ngozi kavu inayolia chini ya meno, nyama laini. Kama wewe ni mtu wa kuanza polepole, anza na huyu.

Wa pili ni panya wa kukaangwa kwa mchaichai na pilipili. Harufu yake itakukumbusha chai ya kwa bibi, jambo ambalo usimwambie bibi. Wa tatu hupikwa taratibu kwa maji ya madafu mpaka mchuzi ushikane. Mtu wa Tanga au Lamu akionja huyu hukosa hoja: umemtilia nazi, umemtilia viungo, unamwambia nini tena?

Ukiwa kaskazini hujakosa bahati. Kijiji cha Đình Bảng, karibu na Hanoi, ndiko kwao Lý Công Uẩn, mfalme aliyehamishia makao makuu Hanoi ya leo mwaka 1010. Huko panya hubabuliwa kwa moto wa mabua ya mpunga mpaka rangi iwe ya dhahabu, hupikwa kwa mvuke pamoja na majani ya mlimau, na huwekwa mezani hata kwenye karamu za harusi. Kwa hiyo ukialikwa harusi ya Đình Bảng usiulize pilau iko wapi.

Hatua ya 5: Kula kama mtu aliyefunzwa

Utakaa kwenye kigoda cha plastiki kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa chekechea. Magoti yatafika masikioni, vumilia. Sahani itakuja na majani mabichi, likiwemo rau răm, jani jembamba lenye ukali na harufu ya jamaa wa giligilani, pamoja na kibakuli cha chumvi na pilipili manga. Kamulia ndimu humo ndani, chovya, kula kwa mkono. Mkono unaruhusiwa, na ndilo jambo pekee mezani hapo ambalo tayari unalijua. Mifupa ni midogo: itoe kwa ulimi, kama unavyotoa miba ya kibua.

Utaulizwa ladha. Ipo kanuni isiyoandikwa kwamba kila nyama ya ajabu duniani lazima ifananishwe na kuku. Ikatae. Huyu yuko karibu zaidi na sungura, ila ana mafuta kidogo chini ya ngozi na utamu wa nafaka kwa mbali. Paja ndilo sehemu nono, na lina ukubwa wa kukufanya uelewe kwa nini watu huuziana kwa kilo.

Wenyeji watamimina rượu đế, pombe kali ya mchele, na glasi moja itazunguka meza nzima. Watahesabu: một, hai, ba, dô! Yaani moja, mbili, tatu, ingiza! Kama hunywi, shika glasi ya chai ya barafu na upige kelele ya dô kuliko wote. Kinachopimwa pale ni sauti, wala hakuna atakayekagua glasi yako.

Hatua ya 6: Uliza maswali ya kiafya, kisha ya dini

Hapa kejeli ipumzike kidogo. Uliza kama panya amenaswa kwa mtego, maana aliyekufa kwa sumu hafai hata kwa paka. Usiwashikeshike wale hai walioko kwenye vitundu sokoni. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya homa ya mgunda, ileile iliyozuka Lindi mwaka 2022, na vijidudu hivyo havikusubiri utie nyama mdomoni. Mchubuko wa mkono unavitosha. Nyama iwe imeiva kabisa. Usiagize panya wa nusu kuiva ili uonekane mjuzi.

Kama wewe ni Mwislamu, una bahati kuliko sisi wengine: umepata udhuru usiohojiwa na mtu. Panya ni haramu, habari imekwisha, na ukifika Châu Đốc, mkoani An Giang, vuka mto Hậu tu. Ng'ambo wanaishi Wacham, Waislamu wa delta, wenye misikiti yao, ukiwemo wa Mubarak. Toa salamu, itajibiwa. Omba tung lò mò, soseji yao ya ng'ombe iliyochachushwa kidogo kwa wali na kubanikwa juu ya mkaa. Utakula nyama ya nadra kuliko panya, utapiga picha, na dhamiri italala mapema.

Hatua ya 7: Tuma picha, kisha jiandae kuulizwa

Sasa piga picha. Hakikisha mkia unaonekana, la sivyo shangazi atadhani ni njiwa. Tuma, kisha subiri vilio, maombi ya toba, na yule binamu atakayeuliza kama unahitaji nauli ya kurudi.

Ukiandika maelezo ya picha, kuwa mwangalifu. Ng'ambo ya mpaka, Kambodia, alifanya kazi Magawa, panya buku mzaliwa wa Tanzania aliyefunzwa kunusa mabomu ya ardhini. Alinusa zaidi ya mia moja ya mabomu na silaha nyingine zilizozikwa, akapewa medali ya dhahabu mwaka 2020, akastaafu kwa heshima, akafa Januari 2022. Ni Watanzania wachache waliofika pande hizo wakarudisha sifa kama yeye. Usije ukaandika kwamba umemla ndugu wa shujaa wa taifa.

Halafu litakuja swali ambalo hakuna mwongozo unaolijibu kwa ajili yako. Miaka yote umewatania watu wa Mtwara kuhusu panya. Umecheka shuleni, umecheka kazini, umecheka kwenye misiba. Wao walimpa jina la adabu, samaki nchanga, samaki wa mchangani, wakamkausha, wakamla, wakaacha ucheke. Nawe umelipa nauli ya ndege, ukabadilisha fedha, ukakunja magoti kwenye kigoda cha chekechea, ukala kitu kilekile kwa sababu kilikuja na jina lenye vistari juu ya herufi, na sasa unakiita uzoefu wa kitamaduni.

Ukirudi, panda basi la Newala, huko huko Mtwara. Nauli yake haikaribii hata ile ya ndege iliyokupeleka Vietnam. Omba radhi kwanza, kisha omba sahani. Hawatakupigia makofi wala kuita majirani. Watakuuliza tu kama ugali wa muhogo unautaka mwingi au wa kutosha.