Sola ya Shemeji, Luku Yangu

Luku ikiisha nyumbani kwangu hapa Nyalikungu, wa kwanza kulalamika si mke wangu wala watoto. Ni shemeji yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye sola ya wati 500 juu ya bati lake. Simu zake, redio na mashine ya kunyolea vyote vinachajiwa kwangu. Ukimuuliza sola inafanya kazi gani, anakwambia bado inazoea mazingira.

Nimepanda ngazi nikaiona. Ina ukubwa wa sinia. Nyuma imebandikwa karatasi ya 500W, kwa wino uliokoza kuliko wa cheti changu cha kuzaliwa. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Jua la saa sita mchana, likipiga sawasawa, huangushia kila mita moja ya mraba kama wati 1,000. Sola nzuri za leo hugeuza kiasi cha asilimia 20 kuwa umeme, yaani wati 200. Kwa hiyo wati 500 zinadai mita mbili na nusu za mraba, na mlango wangu wa mbele haufiki hapo. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hayo ni mambo ya zamani, shemeji. Hii imebanwa."

Imebanwa! Tena ameilaza juu ya bati lenyewe, hewa haipiti, ili eti ipate moto vizuri. Sola inataka mwanga, joto linaichosha. Kiwandani hupimwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo huipunguzia umeme kidogo.

Kinachoniudhi ni kwamba shemeji si mjinga hata kidogo. Mpeleke mnadani kununua ng'ombe uone. Atamfungua mdomo ahesabu meno, atampapasa mgongo, atamtembeza, atauliza ukoo mpaka kwa bibi yake ng'ombe, halafu aseme atarudi wiki ijayo kufikiria. Sola kaitwaa hapo hapo kwenye buti la gari lenye spika, kwa kuwa muuzaji alivaa tai.

Kijiweni nako hakuna nafuu. Mmoja anaapa kwamba yake inachaji hata kwa mbalamwezi. Mwanga wa mwezi mpevu ni hafifu kuliko wa jua kama mara 400,000. Chaji ya saa sita za jua kali ingetaka mwezi mpevu usiozama kwa zaidi ya miaka 270. Asubiri.

Mzee mmoja, wa kuheshimiwa kabisa, aliniita pembeni. "Ng'wanawane, tangu zije hizi sola mvua zimekimbia." Akageukia upande wa Kishapu, ambako serikali imeanzisha mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50.

Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, mwaka 1974 ukame uliipiga nchi mpaka mkala unga wa njano, mkauita wa Yanga. Kishapu kulikuwa na sola ngapi?"

Akafikiri. "Zilikuwa njiani zinakuja."

Lakini wote hao cha mtoto. Juzi gulioni kaingia kijana na boksi la chuma, anauza jenereta isiyotumia mafuta. Betri inazungusha mota, mota inazungusha dainamo, dainamo inachaji betri, na hapo katikati unachomoa umeme wa kuwasha nyumba nzima, milele. Makofi. Hakuna aliyeuliza joto la mota linatoka wapi, wala ule mlio. Vyote hivyo ni umeme unaopotea njiani, na betri ndiyo inayolipa mpaka inazima. Nishati haiumbwi, hubadilishwa tu. Wanafizikia walilimaliza suala hilo katikati ya karne ya 19. Wala tusijione tuko peke yetu: Maxwell Chikumbutso wa Zimbabwe alitangaza mwaka 2015 kwamba mitambo yake inapata nguvu kutoka mawimbi ya redio, na mwaka 2025 akapokelewa mpaka Ikulu.

Na sisi hapa ni Maswa, wilaya yenye kiwanda cha chaki! Chaki tunatengeneza, kilichoandikwa nazo tumekiacha ubaoni.

Nilimwomba kijana afungue boksi. Akasema ni siri ya kampuni. Aliyezomewa nikawa mimi.

Ombi langu kwenu mnaokwenda gulioni ni dogo. Betri ya kweli ya asidi, ya volti 12 na 100Ah, inakaribia kilo 30. Ukiinyanyua kwa vidole viwili, iache hapo ulipoikuta. Sola itolewe juani, fundi wako aipime kwa mita pesa ikiwa bado mfukoni. Na boksi lisilofunguliwa, mwenyewe aondoke nalo.