Shukrani kwa Mjukuu wa Profesa

Wengi wanaokutakia mafanikio hukaa kwao wakakuombea dua. Ni wachache mno wanaofunga safari wakakungoja juu ya daraja, kwenye ngazi za meli, makaburini, na kwenye ghorofa ya 7 ya kampuni iliyotekwa na majambazi, ilimradi tu wakuambie kwamba umechelewa. Mjukuu wa Profesa Oak ni mmoja wa wachache hao, na kwa karibu miaka 30 sijasikia mtu akimsomea risala ya shukrani. Naomba nifanye hivyo mimi.

Kwa wasiomfahamu: tarehe 27 Februari 1996 michezo miwili ya Game Boy ilitoka Japani, Pokémon Red na Pokémon Green, kazi ya kampuni ya Game Freak. Mchezaji ni mtoto wa kitongoji cha Pallet, katika nchi ya kubuni iitwayo Kanto. Anazunguka akinasa viumbe waitwao Pokémon, anawafundisha kupigana, anakusanya beji 8, kisha anapanda kwenda kuwania ubingwa. Nyumba ya jirani anakaa mjukuu wa Profesa, mtoto wa rika lake. Basi huyo ndiye tunayemzungumzia.

Tuanze na jina lake, kwa kuwa hana. Mwanzoni mwa mchezo Profesa Oak anamtambulisha mbele yako: huyu ni mjukuu wangu, mmekuwa mahasimu tangu mkiwa wachanga. Kisha anakuna kichwa na kukuuliza wewe jina la mtoto huyo ni nani. Babu mzazi! Unaletewa kibao cha herufi, nafasi 7 katika toleo la Kiingereza, na watoto wa dunia nzima walizitumia nafasi hizo kama unavyodhani. Hakuwahi kulalamika. Ukimwita MBUZI, ataitika MBUZI kuanzia kitongojini hadi kwenye kiti cha ubingwa. Nani kati yetu angevumilia?

Kwa wavivu wa kuandika, mchezo ulipendekeza majina. Japani alikuwa Green. Nchi za Magharibi, ambako michezo ilianza kufika mwaka 1998 kama Red na Blue, akawa Blue. Kwenye katuni ni Shigeru kwa Wajapani na Gary kwa wengine. Jina la shujaa wa katuni, Satoshi, lilitoka kwa Satoshi Tajiri aliyeubuni mchezo. La mkorofi lilitoka kwa Shigeru Miyamoto, gwiji wa Nintendo. Hayo waliyamaliza wenyewe.

Wema wake wa kwanza unaonekana maabarani kwa Profesa. Mezani pana Pokémon watatu: Bulbasaur wa majani, Charmander wa moto, Squirtle wa maji. Mjukuu, ambaye alikuwa ndani akisubiri kabla yako, anakuachia uchague kwanza na kusema yeye hana pupa. Unachagua. Naye anakwenda taratibu kumchukua yule anayemshinda wako kwa asili: ukichukua moto, yeye maji, ukichukua maji, yeye majani. Wapo wanaouita huo uchokozi. Ila angalia kwa makini. Siku hiyo Pokémon wote watatu wako kiwango cha 5, na hakuna hata mmoja mwenye pigo la asili yake. Squirtle hana maji ya kurusha hadi kiwango cha 8, Charmander hana moto hadi cha 9, Bulbasaur hana chochote cha majani hadi cha 7. Faida aliyoichukua haimsaidii kitu. Wanyama wanaparuana na kusukumana tu, na ukimshinda anakulipa pesa 175 za mchezo, taslimu. Mtoto aliyewekeza katika kukukera wiki nzima kabla kero haijaanza kulipa anastahili kufundisha somo la akiba mashuleni.

Punde si punde Profesa anawatuma kazi, na mjukuu anatangaza mbele ya watu kwamba atamkataza dada yake asikupe ramani. Hapo ndipo unapojua kwamba dada yake anayo ramani. Unakwenda nyumba ya pili, dada Daisy anakupa kwa moyo mkunjufu. Sijui ni rafiki gani angekuelekeza vizuri hivyo.

Baada ya hapo anakutangulia kila mahali. Ana hata wimbo wake, kijimuziki cha Junichi Masuda chenye madaha kinacholia kabla hajafungua mdomo, ili usishtuke. Kwenye meli S.S. Anne anasimama penye ngazi za kwenda kwa nahodha. Kwenye mnara wa makaburi wa Lavender anakuta umekuja na Pokémon walio hai, anashangaa, na anajitolea angalau kuwazimisha. Lakini ninayoipenda kuliko zote ni siku ya Silph Co., jengo la ghorofa 11 lililovamiwa na genge la Team Rocket. Wafanyakazi wamejibanza pembeni, walinzi wa genge wako kila sakafu, mkuu wa kampuni kashikiliwa juu kabisa. Mjukuu wa Profesa amepita katikati ya yote hayo, akafika ghorofa ya 7, akasimama. Hakusimama ili aokoe mtu. Alikuwa anakungoja wewe, na anauliza mbona umekawia. Mkimaliza kupigana anaaga kwamba anakwenda Ligi, na majambazi anakuachia. Ni heshima kubwa, kutangulizwa mbele ya janga la kitaifa.

Hapa kuna jambo la Raticate, na sina budi kuligusa, maana watu hawaliachi. Kwenye daraja la Cerulean mjukuu ana panya mdogo, Rattata. Kwenye meli amekua na kuwa Raticate. Mkikutana tena makaburini, Raticate hayumo kikosini. Mashabiki wakapiga hesabu: mlipigana melini, mnyama akaumia, akafa, na kijana yuko Lavender kumzika. Wengine hulia kabisa wakisimulia. Mchezo wenyewe haujasema lolote, na mimi naipinga nadharia hiyo kwa nguvu zangu zote. Si kwa sababu haiwezekani. Naipinga kwa kuwa inamnyang'anya mtu cheo chake. Mkorofi mwenye msiba ni mfiwa tu, na mfiwa unampa pole na kiti. Huyu alitukera bila sababu yoyote, kwa kupenda kwake, na sifa hiyo haifai kuchafuliwa na huruma.

Ubingwa wake ulikuwa mfupi. Unawaangusha wakuu wanne wa Ligi, unadhani umefika, na Lance, mmoja wao, anakuarifu kwamba kuna aliyekutangulia. Unaingia, ndiye. Unamshinda, na hapo ndipo Profesa Oak anapotokea. Babu aliyesahau jina la mjukuu hakusahau njia ya kupanda hadi Indigo Plateau. Anakupongeza wewe, kisha anamgeukia wa damu yake na kumwambia kwamba amesikitika, kwamba alishindwa kwa sababu hakuwapenda wala kuwaamini Pokémon wake. Anamtaja kwa jina pia, jina lile ulilomchagulia. Kwa hiyo mzee mwenye heshima zake, kwenye jukwaa la juu kabisa la nchi, anasema amesikitishwa na MBUZI.

Wangeliishia hapo. Bahati mbaya mjukuu alipata mafanikio, na kila aliyemchukua baadaye aliona ni wajibu wake kumtengeneza.

Katuni, iliyoanza Japani Aprili 1997, mwanzoni ilifanya kazi nzuri. Gary wa humo ana gari jekundu lisilo na paa na kundi la wasichana wa kumshangilia, na ana umri wa miaka 10. Kushangiliwa akiwa anaondoka nyumbani tu, bado hajafanya lolote! Ligi inataka beji 8. Yeye akakusanya 10, nadhani kwa tahadhari. Kisha katika jimu ya Viridian, ukumbi wa kushindania beji, akakutana na Mewtwo, Pokémon aliyevalishwa deraya wa Giovanni, kiongozi wa Team Rocket, na wanyama wake wakabwagwa kama matambara. Kwenye Ligi akatolewa kabla ya Ash, ndiye yule Satoshi kwa jina la nje ya Japani, na wale washangiliaji wakalia kwa sauti. Hadi hapo sina malalamiko. Lakini walipofika Johto, nchi nyingine ya kubuni, waandishi walitufunulia kwamba yeye na Ash, wakiwa wadogo, waligombea Poké Ball moja kuukuu, mpira wa kunasia Pokémon, ikakatika, kila mmoja akabaki na nusu yake. Nikajua tumekwisha. Mtu ukishaonyeshwa utoto wake na kitu kilichogawanywa mara mbili, umebakiza msamaha tu. Ash akamshinda, Charizard dhidi ya Blastoise, na Gary badala ya kununa akaenda kusomea utafiti. Baadaye akaonekana amevaa koti jeupe la maabara. Washangiliaji sijui waliishia wapi.

Manga ya Hidenori Kusaka na Mato, ya mwaka huohuo 1997, haikungoja hata afike Johto. Blue wa humo ni mkimya, makini, amepitia mafunzo ya mwalimu aitwaye Chuck, na hutokea akiwa tayari anajua anachofanya. Anaokoa watu. Hana hata pupa ya kusema hana pupa. Wasomaji wengi humtaja kuwa ndiye bora kuliko wote, nami siwakatalii. Ni kijana wa kuozeshwa. Pokémon Origins ya mwaka 2013, katuni ya vipande vinne, ilijaribu kumrudishia kiburi chake cha Game Boy, na inastahili pongezi. Dakika ndizo zilizokuwa chache.

Ila waliomdhuru zaidi ni wazazi wake wenyewe. Mwaka 1999 Game Freak walitoa Gold na Silver, hadithi inayofanyika miaka mitatu baadaye. Mlima wa Cinnabar umelipuka, kisiwa kimebaki majivu na jengo moja, na ufukweni amesimama kijana anayetafakari jinsi mwanadamu alivyo mdogo mbele ya maumbile. Ndiye! Nilisoma maneno yale nikatafuta tusi, sikuliona. Amekuwa mkuu wa jimu ya Viridian, ana ajira, na huenda ana pensheni. Faraja yangu ni moja. Wakuu wengine wa jimu wana fani zao, huyu mwamba, yule maji, mwingine sumu. Yeye hana fani, anachanganya chochote, kama vile bado anangoja aone wewe utachagua nini.

Mwaka 2016, katika michezo ya Sun na Moon, alionekana katika nchi ya Alola, mtu mzima sasa, akiwa na Red, shujaa wa zamani. Red hazungumzi, hajawahi. Blue ndiye anayeongea kwa niaba ya wote wawili. Aliyetafuta miaka 20 mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza hatimaye amempata.

Na walioachiwa kazi yake? Yule wa kwanza, Silver wa mwaka 1999, alikuwa na kipaji, aliiba Pokémon maabara kabisa. Lakini naye baadaye akatafutiwa baba mhalifu, akawa na sababu. Baada yake wakaja majirani wema, marafiki, watoto wenye haraka zisizo na madhara. Mwaka 2018 mchezo wa Kanto ulitengenezwa upya na nafasi ya mpinzani akapewa Trace, kijana mwenye adabu zake, asiye na neno baya na mtu. Kwa Hau, mpinzani wa kule Alola, mambo yalikuwa yameshageuka kabisa. Unachagua Pokémon wako mbele ya wazee, naye anakwenda kumchukua yule anayeshindwa na wako kwa asili. Hop akarudia hivyo mwaka 2019, Nemona mwaka 2022. Wanatabasamu wakifanya hivyo. Hau anapenda malasada, yale maandazi ya Hawaii, na hukwambia hivyo mara kwa mara. Unamshinda, anafurahi. Unamshinda tena, anafurahi kuliko wewe. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini?