Namna ya Kumfukuza #ifdef kwenye Draiva

Fungua faili la draiva yako, tafuta palipoandikwa #ifdef CONFIG_PM, ufute. Usimwonee huruma. Anajifanya mlinzi, kumbe analala getini.

Aliingiaje? Kerneli ya Linux inaweza kujengwa bila usimamizi wa umeme, yaani CONFIG_PM ikiwa imezimwa. Hapo funksheni zako za suspend na resume hukosa wa kuziita, na kompaila hulalamika kwamba zimeandikwa bure. Mtu akazizungushia #ifdef, malalamiko yakaisha. Yaliisha kwa sababu kompaila haikuzisoma tena! Ukikosea jina la kigezo humo ndani, kosa litasubiri hadi siku mtu atakapowasha CONFIG_PM.

Balaa kubwa zaidi ni kuchagua uzio usio sahihi. CONFIG_PM inaweza kuwaka huku CONFIG_PM_SLEEP, ya kulaza mashine nzima, imezimwa, maana kifaa kinaweza kupunguziwa umeme mashine ikiwa macho. Hapo, ukiwa umeweka funksheni za kulaza mashine chini ya CONFIG_PM, makro ya SET_SYSTEM_SLEEP_PM_OPS inageuka tupu, na onyo lilelile linarudi. Kabla ya toleo 3.19 la mwaka 2015 kulikuwa pia na CONFIG_PM_RUNTIME, kwa hiyo draiva za zamani zina nyuzio tatu za kuchanganya.

Wengine hubandika __maybe_unused kwenye kila funksheni. Ni nafuu ya kweli, kwani msimbo unasomwa na kukaguliwa daima. Lakini lebo hiyo hunyamazisha hata onyo la haki, pale unaposahau kabisa kuiunganisha funksheni.

Dawa ilikamilika katika toleo 5.17, mwaka 2022. Tengeneza muundo (struct) wa funksheni zako kwa DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS, kisha kwenye draiva andika pm_sleep_ptr(&jina_la_muundo). Kama una pia funksheni za runtime, yaani za kupunguza umeme mashine ikiwa macho, ziorodheshe kwa SYSTEM_SLEEP_PM_OPS na RUNTIME_PM_OPS, utumie pm_ptr. Makro hizi hutegemea IS_ENABLED: kompaila inaona kila mstari, inakagua aina za data, halafu inatupa yenyewe kisichohitajika. Ile SIMPLE_DEV_PM_OPS ya zamani imeshapitwa na wakati. Iondoe katika pachi hiyohiyo.

Mahali pamoja #ifdef anabaki kwa haki: msimbo unapogusa kitu kisichokuwepo kabisa chaguo likizimwa, kama uga wa struct. Hata hapo, mpeleke kwenye faili la .h pamoja na funksheni tupu ya badala, faili la .c libaki safi.

Sasa jenga mara tatu. Mara moja CONFIG_PM na CONFIG_PM_SLEEP zote ziwe zimewaka, mara moja CONFIG_PM peke yake, mara moja bila chochote. CONFIG_PM_SLEEP haizimwi kwa mkono. Zima kwanza CONFIG_SUSPEND na CONFIG_HIBERNATION, ndipo itaondoka. Ukiona onyo hata moja, usitume pachi.